Kiingereza cha wanafunzi wa sanaa kihamie karakanani

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua tuzungumzie somo ambalo vyuo vyetu vya sanaa na ubunifu vinalisukumia pembeni ya ratiba, mara nyingi saa nane mchana wakati kila mtu amechoka. Somo hilo ni Kiingereza. Mwanafunzi wa uchoraji, uchongaji, ufinyanzi, ubunifu wa mavazi au usanifu wa michoro anasoma stadi za mawasiliano zile zile anazosoma mwenzake wa uhasibu: barua ya kuomba kazi, kugeuza kauli, kujaza nafasi zilizoachwa wazi, kifungu cha ufahamu. Akimaliza anarudi karakanani, na huko Kiingereza anachodaiwa ni kingine kabisa.

Tunachopendekeza ni kwamba somo hili lihamishwe kutoka darasani hadi karakanani, lifundishwe juu ya kazi za wanafunzi wenyewe, na mtihani wake ufanane na shughuli watakazozifanya wakitoka chuoni. Shughuli zenyewe hazizidi nne: kusoma maelekezo ya mteja na kumuuliza maswali, kueleza kazi mbele ya watu, kuandika kibandiko cha maonyesho, yaani kile kikaratasi kinachowekwa kando ya kazi, na kuandika maelezo ya msanii, yaani maandishi mafupi ya msanii kuhusu kazi yake. Kijana wetu amesoma msingi kwa Kiswahili na sekondari kwa Kiingereza. Sarufi ya kukariri anayo, ila hajawahi kutakiwa kueleza kitu kilicho mbele ya macho yake.

Tuanze na maelekezo ya mteja, maana hapo ndipo pesa inapopotea. Mteja anaandika mstari mmoja tu: "A5 flyer, portrait, double-sided, full colour, 3 mm bleed." Mwanafunzi amejifunza "portrait" kwenye somo la uchoraji, akaelewa ni picha ya sura ya mtu, kumbe hapa ni karatasi ya kusimama, basi anatafuta picha ya uso na kuiweka katikati, na karatasi yenyewe anailaza. Neno "bleed" analijua la kidonda, kwa hiyo analiruka. Anatengeneza faili la milimita 148 kwa 210 kamili, badala ya 154 kwa 216 ambalo limeachiwa milimita 3 za ziada kila upande. Mpiga chapa akikata, uzi mweupe unabaki ukingoni kwa sababu kisu hakipiti mahali pale pale kila mara. Nakala zote zinarudi, na lawama inamwangukia mbunifu.

Zoezi linalofaa hapa ni hili. Mwalimu aandike maelekezo ya mteja yenye mapengo matatu ya makusudi, tuseme ukubwa, idadi ya nakala na tarehe ya mwisho. Mwanafunzi haruhusiwi kuanza kuchora mpaka ameandika maswali matano ya kumuuliza mteja. Hapo utaona namna Kiswahili kinavyoingia. Sisi huuliza "Unataka lini?", neno la kuulizia likiwa mwishoni, naye mwanafunzi anaandika "You want it when?" Mteja anaelewa, lakini analiona swali kama amri. Mwalimu asimwambie kijana hana adabu, kwani adabu anayo ya kutosha kwa lugha yake. Amwonyeshe kwamba ile "ningependa kujua" anayoitumia kwa wakubwa ndiyo "I would like to know", na kwamba "naomba kujua" isigeuzwe kuwa "I am requesting to know". Akipata mifumo mitatu au minne ya maswali ya heshima, inamtosha kwa kazi nyingi.

Kiini cha somo, hata hivyo, ni kikao cha kujadili kazi. Kila chuo cha sanaa kinacho kwa namna fulani: kazi inawekwa ukutani, mwenye kazi anasimama, walimu na wenzake wanauliza. Kwetu kikao hiki mara nyingi ni kimya kirefu, kisha mtu mmoja anasema "It is nice", mwingine anasema "I like the colours", na mwalimu anamalizia kwa hotuba yake. Mara nyingi tatizo si woga. Wanafunzi hawajapewa ngazi ya kupandia.

Ngazi ina vidato vinne: ninachokiona, namna kilivyopangwa, ninavyodhani kinamaanisha nini, na mwisho kama kimefaulu. Makosa makubwa ni kuvipanda vyote siku moja. Wiki tatu za kwanza mbaki kwenye kidato cha kwanza tu, na "nice", "good" na "beautiful" zipigwe marufuku mpaka mfike cha nne. Darasa la wanafunzi 40 ligawanywe makundi 5 ya watu 8. Kikao cha dakika 90 kinaweza kwenda hivi: dakika 10 za kutazama kazi kimya na kuandika maneno, Kiswahili ruksa, dakika 15 za kujadiliana Kiswahili ndani ya kundi, dakika 10 za kutafuta maneno ya Kiingereza yanayokosekana, mwalimu akizunguka, kisha kila mwanafunzi asimame dakika 4 mbele ya kundi lake aseme kwa Kiingereza, na ajibu maswali mawili kwa dakika 2. Watu 8 kwa dakika 6 ni dakika 48. Dakika 7 zinazobaki ni za masahihisho ya pamoja.

Wapo walimu wanaoziondoa zile dakika 25 za Kiswahili wakiamini zinaharibu mazoezi. Sisi tunaamini kinyume chake. Mwanafunzi asiyejua la kusema kuhusu kazi kwa Kiswahili hatalijua kwa Kiingereza, na ukimlazimisha utapata sentensi sahihi isiyo na kitu ndani. Nusu ya kinachoitwa udhaifu wa Kiingereza vyuoni ni kukosa mazoezi ya kutazama.

Sasa, masahihisho. Mwalimu wa lugha akisahihisha kila kosa, kikao kinakufa baada ya mtu wa pili. Asahihishe yale tu yanayopotosha kazi: kipimo, malighafi, mahali kitu kilipo, mpangilio wa hatua, na nani anafanya nini. Hilo la mwisho si dogo. Kwa kuwa "yeye" kwetu hakibagui mke na mume, mwanafunzi anaweza kueleza kinyago cha Kimakonde chenye watu wengi waliobebana na kusema "the woman is carrying his child". Msikilizaji anaanza kumtafuta mwanamume wa pili kwenye gogo. Kosa la "a" na "the", ambalo litamsumbua Mswahili kwa miaka mingi kwa sababu lugha yake haina vitu hivyo, liachwe lipite kwenye mazungumzo. Lishughulikiwe kwenye maandishi. Matamshi pia yasichukue muda mwingi, isipokuwa pale mtu anapochanganya "l" na "r" kwenye neno la kazi, kama mfinyanzi anayetaka kusema "glaze" (mipako ya kung'arisha chungu) ikasikika "graze" (kula majani malishoni).

Kuna sehemu za sarufi ambazo karakana inazifundisha vizuri kuliko ubao. Ya kwanza ni mpangilio wa vivumishi. Kiswahili huweka nomino mbele, sifa zikafuata: kikapu kikubwa cha mviringo chekundu cha ukindu. Kiingereza huzipanga kabla ya nomino, tena kwa utaratibu: ukubwa, umri, umbo, rangi, asili, malighafi, ndipo kitu chenyewe, "a large round red palm-leaf basket". Msiliandike hilo ubaoni kama kanuni. Andikeni kila neno kwenye kipande cha manila, wapeni wanafunzi washike, wajipange foleni mbele ya kikapu chenyewe, wenzao wawahamishe mpaka sentensi ikae sawa. Kisha wabadilishe kitu: chungu, kiti, gauni.

Ya pili ni mahali. "Katika" na viambishi vyetu vya mahali vinabeba kazi za "in", "on" na "at" kwa pamoja, ndiyo maana wanafunzi huzirusha ovyo. Kifaa kizuri cha kufundishia ni kanga, kwa sababu kila mwanafunzi anaijua na sehemu zake zina majina: pindo, mji na jina. Anza na pindo: "along the edge, on all four sides". Ingia mjini: "in the centre". Malizia na jina: "below the central motif". Kanga moja ikitandikwa mezani inatosha wiki nzima. Mbunifu wa mavazi anapata pia namna ya kumweleza mteja wa nje kwa nini kitambaa hiki hakikatwi ovyo: ukikikata bila kupanga, pindo linaangukia mahali pasipotakiwa na jina linagawanyika katikati.

Ya tatu ni kueleza hatua za kazi, na hapa Mswahili ana bahati. Kauli ya kutendwa anaitumia kila siku bila kufundishwa, hivyo sentensi kama "hot wax is applied" haimtishi akianza na "nta ya moto inapakwa". Chukua batiki: kitambaa kinawambwa, nta inapakwa panapotakiwa kubaki na rangi ya mwanzo, kitambaa kinatumbukizwa kwenye rangi, kinakaushwa, nta inapakwa tena, rangi iliyokoza zaidi inafuata, mwisho nta inatolewa. Kosa litakaloonekana ni "after to dry". Linatokana na "baada ya kukauka", kwa kuwa "ku" yetu inafanya kazi ambazo Kiingereza kimezigawa mara mbili. Mara moja ukiwaonyesha kwamba baada ya "after", "before", "by" na "without" ni "drying" na si "to dry", kosa linapungua haraka. Kuna na lile la "my work is showing", "this painting is talking about". Kiambishi "na" kimewazoesha wakati mmoja pale ambapo Kiingereza kina nyakati mbili. Kazi iliyotundikwa ukutani inaonyesha siku zote, kwa hiyo ni "shows".

Msamiati upangwe kwa kiasi. Maneno 8 kwa wiki kwa muhula wa wiki 15 ni maneno 120, na 120 yanayorudiwa ni bora kuliko 500 yaliyokaririwa usiku wa mtihani. Yachaguliwe na mwalimu wa karakana, si na kamusi. Ya hatari zaidi ni yale ambayo mwanafunzi anadhani anayajua: "value" (wepesi au uzito wa rangi) akidhani bei, "ground" (tabaka linalopakwa kabla ya kuchora) akidhani ardhi, "relief" (mchongo unaojitokeza juu ya ubapa) akidhani nafuu, "stroke" (mstari wa brashi au wa ukingo wa umbo) akidhani kiharusi, "crop" (kupunguza kingo za picha) akidhani mazao. Wanafunzi wa kompyuta wanabofya "crop" na "stroke" kwenye programu za Photoshop na Illustrator mara nyingi kwa siku bila kuuliza maana. Hiyo ni hazina. Waambie waandike kwa mfuatano menyu walizobofya kutengeneza kipeperushi, na tayari una ukurasa wa maelekezo kwa Kiingereza ambao mwenzao anaweza kuufuata na kupata kipeperushi kile kile. Asipokipata, wote wawili wataona sentensi iliyokosewa bila mwalimu kufungua mdomo.

Kwenye rangi, Kiswahili kina vivumishi halisi vitatu tu, vya weupe, weusi na wekundu. Nyingine tunaziita kwa vitu: kijivu, kahawia, zambarau, damu ya mzee. Msichukulie hilo kuwa upungufu. Kila mwanafunzi achanganye rangi 12, azipe majina ya vitu anavyovijua, kisha aeleze kila moja kwa Kiingereza kwa mambo matatu: ni rangi ipi, ni nyepesi au nzito kiasi gani, na imekolea au imefifia. Atakuwa ametumia "hue", "value" na "saturation" mara 12 bila kukariri fasili hata moja.

Kibandiko cha maonyesho ni maandishi mafupi kuliko yote na ndiyo yenye makosa mengi. Mpangilio wake unajulikana: jina la msanii, jina la kazi kwa italiki, mwaka, malighafi, vipimo. Kwenye vipimo mchoraji anaandika kimo kwanza, halafu upana, halafu kina kama ni kinyago. Msanifu wa michoro anayefanyia kazi skrini amezoea upana kwanza. Wakikutana kwenye maonyesho ya mwisho wa mwaka, picha ya kusimama inaandikwa kama ya kulala, na mnunuzi aliyeiona kwenye katalogi tu anaandaa fremu isiyoingia. Kipimo kiwe cha sentimita, na chuo kichague utaratibu mmoja.

Kwenye malighafi kuna uzembe ambao umekuwa desturi. Picha za Tingatinga zilianza mwishoni mwa miaka ya 1960, Edward Saidi Tingatinga akitumia rangi za enameli juu ya vipande vya hadibodi. Hiyo kwa Kiingereza ni "enamel on hardboard". Ikipakwa leo kwenye kitambaa cha pamba ni "enamel on cotton". Kuandika "oil on canvas" kwa kuwa inasikika ya kifahari ni kumdanganya mnunuzi na kumpoteza fundi atakayeihifadhi baadaye. Vivyo hivyo mpingo. Vinyago vingi vinauzwa kwa jina la "ebony", ilhali mpingo wetu ni mti mwingine, "African blackwood", ndio unaotengenezewa klarineti. Mwanafunzi wa uchongaji anayejua hili ana la kumwambia mteja ambalo muuzaji wa barabarani hana.

Maelezo ya msanii yamekuwa janga kwa sababu nyingine. Siku hizi yanatoka kwenye programu za akili mnemba au yananakiliwa mtandaoni, na yote yanafanana: kila msanii "explores", kila kazi "interrogates", kila turubai lina "identity" na "memory". Hatupendekezi msako. Kuna kipimo rahisi: mwanafunzi asimame mbele ya kazi, asome sentensi moja moja, na kwa kila sentensi aweke kidole kwenye kazi mahali inapohusika, au aonyeshe ukurasa wa daftari la michoro. Sentensi isiyo na mahali pa kuwekewa kidole ifutwe. Tumeona maelezo ya maneno 300 yakibaki 40, na hayo 40 yakawa mazuri.

Kutoka hapo yajengwe upya. Mwanafunzi aanze kwa kujirekodi kwenye simu dakika 2 kwa Kiswahili akimweleza mtu asiye msanii. Asikilize, achague mambo matatu. Rasimu ya kwanza ya Kiingereza iwe na maneno 80: sentensi ya kwanza iseme kitu ni nini, ya pili kimetengenezwa kwa nini na kwa vipi, ya tatu kimetokana na nini, na kama ipo ya nne, mtazamaji aangalie wapi. Rasimu ya pili ifike 120, ya mwisho isizidi 150. Kinachoharibika hapa ni mwanafunzi kurukia sentensi ya tatu na kuacha mbili za kwanza, kwa kuona kwamba malighafi ni jambo la kawaida mno. Kwa msomaji aliye mbali, ambaye hajawahi kushika ukindu wala kunusa nta, hayo ndiyo anayotaka kuyajua.

Haya yote yanahitaji walimu wawili chumba kimoja, angalau saa moja kwa wiki. Kwa sasa mwalimu wa Kiingereza anaogopa karakana kwa kuwa hajui sanaa, na mwalimu wa karakana anasema lugha si kazi yake. Wote wawili wanakosea. Mwalimu wa lugha asiyejua sanaa ni msikilizaji mzuri kuliko wote, maana anauliza maswali ambayo mteja angeuliza. Gharama ni ndogo: manila, gundi ya karatasi, simu ambazo wanafunzi wanazo tayari. Wapo pia wanafunzi wenye mikono hodari wanaopata taabu kubwa kusoma. Kwao maandishi ya ukubwa wa pointi 14, yenye nafasi ya mstari na nusu, na muda wa ziada kidogo vinatosha kuanzia.

Bila mtihani kubadilika, hakuna kitakachobadilika, kwa sababu mwanafunzi husoma kinachotahiniwa. Tunapendekeza alama 100 zigawanywe hivi: 30 kueleza kazi kwa mdomo, 25 maelezo ya msanii pamoja na rasimu zake, 20 maswali kwa mteja, 15 seti ya vibandiko vitano, na 10 daftari la michoro lililoandikwa maneno na sentensi kwa muhula mzima. Sarufi haina alama zake peke yake. Inahukumiwa ndani ya hizo.

Tumeshasikia pingamizi kwamba mtihani wa mdomo unakula muda. Wanafunzi 40 kwa dakika 6 kila mmoja ni saa 4. Hizo ni asubuhi mbili za saa mbili mbili, tena alama za mdomo zinatoka hapo hapo, ilhali sasa mwalimu anabeba mafurushi ya karatasi nyumbani kusahihisha nafasi zilizoachwa wazi.

Ni sisi,
Walimu wawili, mmoja wa lugha na mmoja wa karakana,
Dar es Salaam